Hati ya kuzaliwa yenye muhuri wa watawala wasiotambuliwa: mama aitunze au aichome?

#1 Nyota_ya_Muhabura (Kisoro)

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mkalimani wa kujitolea huku mpakani, nawasaidia watu wanaovuka kutoka Kongo kupitia Bunagana. Nina swali limenikosesha usingizi tangu juzi.

Mama mmoja alifika na kichanga mgongoni na mvulana wa kama miaka 13 pembeni. Zamu yake ilipokaribia alinivuta kando, akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne. Jina la mtoto, tarehe, uzito kilo 2.9, na chini muhuri wa bluu wa hao wanaolishika eneo sasa, si wa serikali ya Kinshasa. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Niwaonyeshe au nichome? Wakiuona muhuri huu si watasema mimi ni wa wale?"

Sikuwa na jibu. Nikiwa bado nimeishika ile karatasi, mtu wa foleni akapaza sauti: "Simama hapo!" Yule mvulana akabana visigino, mikono ubavuni, kidevu juu, macho mbele. Mama yake hakusema kitu. Alimvuta shati taratibu mpaka mabega yakalegea.

Waasi wa M23 walichukua Bunagana Juni 2022 na Goma Januari 2025. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya Bunagana sasa anajua kuhesabu vidole vyake. Mtoto huyu anadai haki zake kwa nani? Kinshasa haimfikii, na waliopo hakuna nchi inayowatambua kuwa serikali. Karibuni.

#2 Mchokozi256

Jibu ni fupi, dada. Mikataba husainiwa na nchi. Wenye bunduki hawajasaini chochote, kwa hiyo hawadaiwi chochote. Achome.

#3 Wakili_Kalamu (Kampala)

Mchokozi, usimwambie mtu achome hati kwa jibu la mistari mitatu.

Kwanza, Mikataba ya Geneva ya 1949, Kifungu cha 3, inafunga "kila upande" wa vita vya ndani. Haikusema kila serikali, ilisema kila upande. Kifungu hichohicho kinatamka kwamba kukitekeleza hakubadilishi hadhi ya kisheria ya upande wowote, kwa hiyo ile hofu ya "tukiwadai sheria tutakuwa tumewatambua" ilijibiwa miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa.

Pili, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ni wa nchi, hapo uko sahihi. Lakini una itifaki ya nyongeza ya mwaka 2000 kuhusu watoto katika vita, na Kifungu chake cha 4 kinayataja makundi yenye silaha yasiyo majeshi ya nchi: yasiandikishe wala kutumia mtoto chini ya miaka 18 kwa hali yoyote ile. Tatu, ICC, ile Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, inamhukumu mtu, haiulizi kama kundi lake lilikuwa na kiti Umoja wa Mataifa. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la UPC, alikutwa na hatia Machi 2012 kwa watoto wa chini ya miaka 15 aliowaingiza vitani Ituri, mashariki ya Kongo, akapewa miaka 14. Kundi lake halikuwa nchi.

Suala la hati nitarudi nalo, niko kortini.

#4 Mchokozi256

Haya wakili, nimekubali nilikurupuka. Ila niambie kitu kimoja: 15 au 18? Umetaja zote mbili.

#5 Wakili_Kalamu

Zote mbili, na hapo ndipo penye uchungu. Katazo kwa makundi ni 18. Kosa la jinai la kumfikisha mtu ICC ni chini ya 15. Kijana wa miaka 16 anabaki katikati: haruhusiwi kuandikishwa, lakini kamanda wake hashtakiwi The Hague kwa kumwandikisha. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ulioanza kutumika Novemba 1999, unasema mtoto ni mtu yeyote chini ya 18, basi. Mimi napenda huu wa kwetu.

#6 Kadogo86 (Mbarara)

Nasoma kimya kimya ila huyo mvulana wa #1 amenitoa. Kubana visigino hakufundishwi siku moja.

Jina langu hapa linajieleza. Nilikuwa na miaka 11, Luweero, 1983, wakati wa vita vya msituni. Hakuna aliyenikamata. Nyumbani palikuwa pameisha, nikafuata moshi wa jiko. Palipokuwa na sufuria ndipo palipokuwa na wakubwa wenye bunduki, na mwenye kula lazima abebe kitu. Nilianza na masufuria, nikapanda hadi risasi. Mzee mmoja wa kikosi alikuwa akinifunika na koti lake usiku. Mpaka leo harufu ya koti lile nikiipata sokoni kwenye mitumba nasimama.

Kwa hiyo wakili anaposema "kuandikishwa", mimi nauliza: nani aliniandikisha? Njaa. Mnaweza kuwa na vifungu vingapi, mtoto asiye na mahali pa kula ataenda panapopikwa. Ndiyo maelezo yangu na siyabadilishi.

#7 NesiMstaafu

Pole sana, afande. Na asante kwa kusema.

#8 Mwalimu_Bwera (Kasese)

Nyota, swali lako tumeliishi huku milimani bila kuvuka mpaka. Wengi mmesahau kwamba ndani ya Uganda hii kulikuwa na dola isiyotambuliwa. Rwenzururu ilijitangaza tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda wenyewe, na haikushuka mlimani mpaka makubaliano ya Agosti 1982. Miaka ishirini! Walikuwa na mfalme, kodi, na shule.

Baba yangu alisoma moja ya shule zile. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi ya chungu. Alifika darasa la nne. Aliposhuka bondeni, shule aliyoipata ilimwambia hayo madarasa hayapo. Akaanzishwa darasa la kwanza akiwa na miaka 12, magoti yanagonga dawati kutoka chini, amekaa na watoto wa miaka sita. Alivumilia mihula miwili akaacha. Alikuwa mtu mwenye hesabu kali kuliko mimi mwenye cheti.

Maelezo yangu ni haya: wanaotaka kutambuliwa hujenga shule, maana shule ni dalili ya serikali. Hapo wanamtendea mtoto mema. Anayemuumiza mtoto huwa ni yule wa upande wa pili anayekataa kuona alichosoma. Mwambie mama aitunze hati.

#9 Bodaboda_Arua

Mwalimu nakuheshimu, ila sikubaliani. Wanaotaka kutambuliwa huonyesha shule kwa wageni na kuficha kambi. Huku kwetu tunao ndugu wa Sudan Kusini, wengine ni wajomba zangu kabisa. Mjomba alikuwa katika lile lililoitwa Jeshi Jekundu, watoto waliotembea hadi Ethiopia wakiambiwa wanakwenda shule. Shule ilikuwepo, kweli. Asubuhi herufi, jioni mbao zilizochongwa mfano wa bunduki.

Halafu sikilizeni hii. Mwaka 1995 SPLM ya Sudan Kusini, ikiwa bado ni waasi msituni, ilitia saini kanuni pamoja na mpango wa misaada wa Umoja wa Mataifa, na ndani yake ikasema inaunga mkono Mkataba wa Haki za Mtoto na Mikataba ya Geneva. Waasi! Kwa sababu gani? Kwa sababu ndege za chakula zilikuwa hazitui bila makubaliano. Mwaka 2001 UNICEF iliwaondoa watoto kwa maelfu kutoka maeneo ya vita Bahr el Ghazal. Novemba 2009 jeshi lao, SPLA, likasaini mpango kazi na Umoja wa Mataifa wa kuwaachia watoto. Julai 2011 ikawa nchi kamili, bendera, wimbo, kila kitu. Desemba 2013 vita vikaanza tena na watoto wakarudishwa mstari wa mbele kwa maelfu.

Na mkataba wenyewe wa haki za mtoto, Sudan Kusini kama nchi ilijiunga 2015. Yaani walikubali wakiwa waasi miaka ishirini kabla ya kukubali wakiwa serikali. Sasa kutambuliwa kumemsaidia nini mtoto?

#10 Mchokozi256

Hapo Arua umenigusa. Kumbe chakula ndicho kilichosaini.

#11 Bodaboda_Arua

Ndiyo. Na kilipopungua, saini ikafifia.

#12 BintiKisenyi (Kampala)

Asalaam aleikum jamani. Mimi mama yangu ni wa Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, nimezaliwa Kisenyi. Somaliland ilijitangaza tarehe 18 Mei 1991 na kwa zaidi ya miaka thelathini haikuwa hata na nchi moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyoitambua. Ina fedha yake, polisi wake, uchaguzi wake, mitihani yake ya shule. Mkataba wa Haki za Mtoto uliridhiwa na Mogadishu Oktoba 2015. Hargeisa haiwezi kuridhia, haina kalamu ya kusainia. Mtoto wa Hargeisa basi yuko chini ya saini ya mji usiomtawala.

Naomba niongeze maelezo ambayo hamjayataja: wazee wa koo. Mama alinisimulia vijana wa mtaa wao walipoanza kuvutwa kwenda kupigana, aliyewarudisha si sheria wala shirika. Ni bibi wawili waliokwenda kukaa chini mbele ya lango la kambi, wametandika mkeka, wakasema hawaondoki bila wajukuu. Walikaa siku mbili. Wazee wakaona haya, wakaenda kuzungumza, wavulana wakatoka.

Lakini sitawadanganya kwamba koo zinatosha. Las Anod mwaka 2023 vita vilianza Februari, hospitali ikapigwa, zaidi ya watu laki moja na nusu wakakimbia, na waliokuwa wanapigana na jeshi la Somaliland ni wapiganaji wa koo. Mzee wa ukoo anamlinda mjukuu wake. Wa ukoo mwingine nani anamlinda?

#13 Jirani_wa_Kony (Gulu)

Wakuu, mnazungumza kana kwamba sisi hatupo. Aboke, Oktoba 1996, wasichana 139 walichukuliwa na LRA, waasi wa Kony, kutoka bweni moja usiku mmoja. Sista Rachele aliwafuata msituni kwa miguu akarudi na 109. Thelathini walibaki. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakitembea kila jioni kwenda kulala mjini kwenye baraza za maduka, kila mtu na gunia lake la kulalia. Mliita "wasafiri wa usiku". Hatukuwa wasafiri.

Na Ongwen, kamanda wa LRA aliyefikishwa ICC? Alitekwa akiwa na miaka kama tisa akienda shule, akahukumiwa miaka 25 mwaka 2021. Mtoto ambaye hakuna aliyemlinda akageuka kuwa mtu ambaye watoto walilindwa dhidi yake. Nieleze wakili, haki ya mtoto inaisha saa ngapi? Usiku wa kutimiza miaka 18?

#14 BintiKisenyi

Pole ndugu. Naomba tu nitenganishe jambo moja, bila kupunguza uchungu wako: LRA haikuwa na eneo inalolitawala, haikuandika vizazi wala kuendesha shule. Swali la Nyota ni la wale wanaotawala kweli, wanaotoza kodi na kupiga muhuri, ila dunia haiwatambui. Nadhani namna ya kuwadai inatofautiana.

#15 Jirani_wa_Kony

Kwa mtoto aliyebeba gunia haitofautiani. Lakini nimekuelewa.

#16 Wakili_Kalamu

Nimerudi. Jirani, kuhusu Ongwen: mahakama ilisema kutekwa kwake utotoni hakufuti makosa aliyoyatenda akiwa mtu mzima, ila walipopima adhabu walikuzingatia, ndiyo maana ilikuwa 25 na si kifungo cha maisha. Wengine wataona ni haki, wengine la. Mimi nimeisoma hukumu ile na bado nalala na swali lako.

Sasa hati. Wakuu, shikeni jambo hili. Mwaka 1971, tarehe 21 Juni, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kuhusu Namibia. Afrika Kusini ilikuwa inaitawala Namibia kinyume cha sheria, na nchi zote zilitakiwa zisitambue utawala ule. Wakaulizwa: basi na kila karatasi yake ni batili? Mahakama ikasema la. Kutotambua utawala kusiwanyime wananchi wa kawaida manufaa. Wakataja kwa jina usajili wa vizazi, vifo na ndoa: haya hayawezi kupuuzwa, kwa sababu kuyapuuza ni kuwaumiza wakazi wenyewe.

Kwa hiyo muhuri wa bluu hausemi kwamba aliyeupiga ni serikali. Unasema mtoto alizaliwa siku hiyo, mahali hapo, kwa mama huyo. Aitunze.

#17 Mchokozi256

Sawa, lakini hayo ni maoni ya majaji, na aliyekaa dawatini hajayasoma. Mama anaogopa dawati, haogopi The Hague.

#18 Mama_Tumaini (Kyangwali)

Aksanti kwa uzi huu. Huyo Mchokozi leo amesema kweli.

Mimi natoka Ituri. Kwetu Kongo mtoto anaandikwa bure ndani ya siku 90. Zikipita, ni mpaka mahakama, na mahakama ni pesa na safari. Sasa hesabuni: eneo likishikwa mwaka mzima, kila mtoto aliyezaliwa humo siku zake 90 zimekwisha hata kabla barabara haijafunguka. Kosa lake nini?

Na kuhusu kuogopa The Hague, niseme nilichoona. Lubanga aliposhikwa, makamanda wa kwetu waliogopa kweli. Lakini waliogopa vibaya. Badala ya kuwapeleka watoto kwa mashirika, waliwafukuza usiku, "nenda kwenu". Mtoto wa jirani yangu alirudi saa tisa za usiku na kaptula tu. Wenzake walioachiwa rasmi walipewa karatasi, na kwa karatasi ile wakapata cherehani, wakapata shule. Yeye hakuwa na cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwa askari, kwa hiyo hakusaidiwa kama mtoto wa vita, na majirani wote walijua alikuwa askari, kwa hiyo hakupendwa kama mtoto wa kawaida. Na wasichana ndio hawakuachiwa kabisa, waliitwa wake.

Hofu ya mahakama ni dawa, lakini kipimo chake kinaweza kumdhuru mgonjwa.

#19 Jua_Kali_Masaka

Mnazunguka bure. Hizi dola bandia zote zina baba nje, yaani nchi inayozibeba. Mtafute baba umdai. Uganda si ilitozwa bilioni 11 kwa ajili ya Ituri?

#20 Wakili_Kalamu

Turekebishe: zaidi ya bilioni 11 za dola ndizo Kongo ilizodai. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Februari 2022 tulipe milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65. Hukumu ya msingi ni ya Desemba 2005. Ilisema Uganda ilikuwa imekalia Ituri kijeshi, kwa hiyo ilipaswa kuwalinda waliokuwamo, na ikataja wazi mafunzo ya watoto askari. Mwaka 2001 UNICEF iliwatoa watoto 163 wa Kikongo kutoka kambi ya mafunzo Kyankwanzi, hapa hapa kwetu.

Wazo lako la kumdai baba lina nguvu. Mwaka 2012 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ilihukumu kesi ya watoto wa Transnistria, eneo lililojitenga na Moldova mwaka 1990. Watawala wa huko walifunga shule zilizotumia herufi za Kilatini. Wazazi hawakushinda dhidi ya watawala wale, walishinda dhidi ya Urusi, kwa sababu bila Urusi wale wasingedumu. Lakini kesi ilichukua miaka mingi. Mtoto aliyefungiwa shule akiwa darasa la tatu, hukumu inamkuta na ndevu.

#21 Kadogo86

Na baba wa nje anakana mtoto. Sisi tunawajua.

Neno moja la lugha, mnisamehe nikitoka kidogo. Wakili anaandika "watoto askari". Sisi tuliitwa kadogo, na Kongo wameliazima hilohilo. Ni jina tamu, jina la kubembeleza. Watu wanasema kadogo wakitabasamu. Hilo jina ndilo lililowafanya wakubwa wasione wanachofanya. Baada ya 1986 wengine tulipelekwa shule ndani ya kambi hapa Mbarara, nashukuru, nilisoma. Lakini mwalimu alipokuwa akisema "simama" tulikuwa tunafanya alichofanya yule mvulana wa Nyota, darasa zima, viatu pa!

#22 Mwalimu_Bwera

Afande, darasani kwangu nimeacha kusema "simama". Tangu Juni 2023 nasema "tuinuke". Mnajua Mpondwe, ilikoshambuliwa ile shule, si mbali na hapa. Watu 42 walikufa usiku ule, 37 kati yao wanafunzi. Kuna watoto ambao sauti kubwa ya mtu mzima mlangoni hawaiwezi tena.

#23 Wakili_Kalamu

Kushambulia shule ni mojawapo ya makosa sita mazito ambayo Baraza la Usalama hufuatilia tangu azimio 1612 la 2005: kuua na kulemaza, kuandikisha, ukatili wa kingono, kuteka, kushambulia shule na hospitali, kuzuia misaada. Katibu Mkuu hutoa orodha kila mwaka, na humo makundi huandikwa sawa na majeshi ya serikali, bila kuuliza nani ana bendera halali. Jeshi letu lenyewe lilisaini mpango kazi Januari 2009. Kuna pia Geneva Call la Uswisi, tangu 2010 makundi husaini kwao ahadi ya kuwalinda watoto. Wakurdi wa Syria kaskazini walisaini 2014, na mwaka 2019 wakasaini mpango kazi na Umoja wa Mataifa.

#24 Bodaboda_Arua

Wakisaini halafu wakivunja?

#25 Wakili_Kalamu

Wanabaki kwenye orodha. Najua si jibu la kutosha, ndugu yangu.

#26 Nyota_ya_Muhabura

Jamani asanteni, nimesoma zote, nyingine mara mbili. Nimerudi na habari.

Mama hakuchoma. Nilimsomea kwa Kinyarwanda alichoandika wakili kuhusu Namibia, akasema, "Majaji hao wana watoto?" Siku ya pili akaitoa karatasi. Kwenye dawati la kwanza aliyekuwepo aliuona muhuri, akaisukuma nyuma kwa ncha ya kalamu kama kitu kilicholowa. Mchokozi, ulisema kweli kuhusu madawati.

Lakini nesi mmoja kwenye hema la chanjo aliigeuza. Sote tulikuwa tunabishana kuhusu upande wa mbele, hatujaangalia nyuma! Nyuma mkunga aliandika kwa mkono tarehe za chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Nesi akazinakili moja kwa moja kwenye kadi mpya, na tarehe ya kuzaliwa pamoja nazo, akamrudishia mama karatasi yake. Sasa mtoto ana kadi ya Uganda inayosema amezaliwa lini. Kadi hiyo dawati la pili waliikubali. Muhuri wa bluu haujatajwa popote.

Mama ameishona ile karatasi kwenye pindo la kitenge. Nimemwona akishona.

Kinachonisumbua sasa ni mvulana. Nimwambie nani? Nikisema alivyobana visigino, nitakuwa nimemsaidia au nimemchongea?

#27 Mama_Tumaini

Binti yangu, usimuulize bunduki. Muulize darasa. Mtoto aliyepitia kule akiulizwa bunduki anageuka askari palepale, akiulizwa darasa anakumbuka. Akikuamini atakuambia mwenyewe, na ndipo umpeleke kwa mtu wa ulinzi wa watoto mnayemwamini, si kwenye foleni mbele ya watu.

#28 Wakili_Kalamu

Namuunga mkono mama. Kanuni za Paris za 2007 zinasema mtoto aliyetumiwa na kundi atazamwe kwanza kama aliyedhulumiwa. Jina lake lisiandikwe mahali ambapo watu wengi wanaona. Na Nyota, usiandike hapa chochote kinachoweza kumtambulisha.

#29 Jirani_wa_Kony

Na asirudishwe akalale peke yake siku za mwanzo. Nasema ninachokijua.

#30 Nyota_ya_Muhabura

Nimemuuliza darasa. Amenyamaza muda mrefu, halafu: "La tano. Nilikuwa wa tatu kwenye hesabu." Akauliza kama hapa hesabu zinafundishwa kwa Kiingereza. Nikamwambia namba ni zilezile. Anatembea na ndala za mama yake.

#31 Kadogo86

Anavaa namba ngapi? Kuna basi la kuja Kisoro kesho asubuhi.

#32 Nyota_ya_Muhabura

37. Mama anasema 38, anakua. Mungu akubariki, mzee wangu.

#33 Mgeni_wa_Bunia

Hodi wakuu. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Mimi nilizaliwa Bunia Novemba 2002, wakati UPC wanaushika mji. Hati yangu ina muhuri wao. Tangu nifike Uganda kila nikiitoa naambiwa nilete ya serikali, na mkunga alishafariki. Nimeiweka kwenye Biblia miaka yote. Nifanyeje?

#34 Wakili_Kalamu

Karibu sana. Ipige picha mbele na nyuma, funika majina, unitumie kwenye ujumbe wa faragha. Nyuma kuna nini?